Dirisha la Wageni

Mkono mwembamba wa chuma ulishuka kutoka darini, ukagusa kiwiko cha mtoto, ukapanda tena. Mtoto hakulia. Hakujua hata kwamba ameshatolewa damu. Watu wa Mbeya waliuita mkono ule mbu, maana ulinyonya bila kuomba ruhusa, ila mbu huyu aliuona mshipa chini ya ngozi na sindano yake haikuuma. Damu ilivutwa kwa kasi ndani ya mrija hadi nyuma ya ukuta wa kioo, ilikokuwa Mizani, akili unde iliyopima damu ya mji mzima. Kabla mama hajamaliza kumvalisha mtoto sweta, majibu yalikuwa yameshatokea ukutani: sukari, wingi wa damu, figo, ini, chumvi za mwili. Chini yake liliwaka neno moja la kijani, KAWAIDA.

"Anayefuata," ukuta ukasema.

Upande wa pili wa kioo walisimama wanafunzi watano, makoti yao meupe yakiwa bado na mikunjo ya dukani. Mbele yao alisimama Tusekile Mwasomola, mwanamke mfupi mwenye miwani, mwalimu wa maabara katika Hospitali ya Jua Jipya.

"Mmeona?" aliwauliza.

"Tumeona, Mwalimu."

"Hamjaona kitu. Mmeona kasi tu. Hata wezi wa soko la Mwanjelwa wana kasi."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Tusekile alikuwa na hasira tangu alipoamka, na sababu aliijua. Siku ile ilikuwa ya mafunzo ya awali ya kanuni na viwango vya ubora wa vipimo. Yeye alipoanza kazi, mafunzo hayo yalimaliza msimu mzima, na mtu aliyefeli alirudia huku wenzake wakimpita na makoti yao. Sasa alipewa asubuhi moja, tena asubuhi yenyewe ilikatwa na chai. Mkurugenzi alimwambia asijisumbue sana, kwa kuwa mashine inajua kanuni zote. Kazi waliyokuja kuifanya watu hawa iliitwa ushahidi. Sheria ilikataa jibu la mashine litoke bila binadamu kulikubali, kwa hiyo shahidi alikaa mbele ya kioo, na kila jibu lilipopita alikigusa kwa kidole. Walioizoea kazi hiyo waliifanya huku wakila karanga.

"Sikilizeni," alisema. "Kanuni ya kwanza haihusu mashine. Inahusu damu yenyewe. Unga ukiwa na mchanga, usilaumu sufuria. Ya pili, mashine ipimwe kabla haijapima watu. Unaipa damu ambayo majibu yake unayajua, ukitazama kama itasema kweli. Ya tatu, ukitilia shaka jibu, rudia. Huombi radhi kwa kurudia. Ya nne ndiyo iliyonileta kazini kila siku kwa miaka yote hii: damu ya mkulima wa Iwambi na damu ya waziri zinapimwa kwa njia ile ile."

Mwanafunzi mmoja aliinua mkono. Alikuwa Ambokile Kibona, mwanamume mpole wa makamo, zamani fundi wa mabomba ya maji kabla roboti hazijachukua mabomba.

"Mwalimu, samahani. Naomba niondoke mapema kidogo. Mke wangu yuko wodi ya juu, ameruhusiwa leo. Alishikwa na haya maharisho yaliyoenea mjini tangu maji yachafuke."

"Pole sana. Amepona?"

"Mizani inasema amepona."

"Sikuiuliza Mizani. Nimekuuliza wewe, kaka Ambokile, uliyelala naye kitanda kimoja."

Ambokile akasugua viganja vyake. "Mimi naona bado, Mwalimu. Asubuhi nimempelekea uji, ameshindwa kuinua kikombe. Anasema miguu si yake. Na moyo, anasema unarukaruka kama unataka kutoka. Lakini jibu ni la kijani. Nikasema labda ni uchovu."

Tusekile alivua miwani, akaivaa tena.

"Anaitwa nani?"

"Sekela."

"Mizani," aliita, "nitolee sampuli ya Sekela Kibona, ya leo asubuhi."

Kidroo kilitoka ukutani kikiwa na kichupa chembamba. Ndani yake chembe nyekundu zilikuwa zimetuama chini, na juu yake yalielea maji ya damu. Tusekile alikishika kwenye mwanga ili wote waone.

"Maji haya yanatakiwa yawe na rangi gani?"

"Njano," alijibu mwanamke mmoja wa nyuma. Aliitwa Subilaga. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Njano, kama mafuta ya alizeti. Haya je?"

Yalikuwa mekundu-mekundu, kama maji yaliyooshewa nyama.

Tusekile aliwaeleza polepole, maana hapa hakutaka mtu apotee. Mtu anayeharisha hupoteza chumvi inayoitwa potasiamu. Ikipungua, misuli hulegea, kikombe kinamshinda, kisha moyo, ambao nao ni msuli, hupoteza mwendo wake na unaweza kusimama. Lakini ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu nyingi iliyofungiwa. Damu ikivutwa kwa nguvu, chembe hupasuka na kuimwaga potasiamu yake kwenye maji ya damu. Ukipima maji hayo, unakuta potasiamu inatosha. Haimo mwilini mwa mgonjwa. Imo kwenye kichupa tu.

"Kwa hiyo mke wangu..." Ambokile alianza.

"Mke wako huenda hana potasiamu, na mbu amempasulia chembe kwa haraka zake, na jibu limetoka zuri."

"Mizani haina macho?" Subilaga aliuliza.

"Ina macho kunishinda mimi na wewe."

"Basi imeona."

"Imeona." Tusekile aliugeukia ukuta. "Mizani, kanuni inasemaje kuhusu sampuli ambayo chembe zake zimepasuka?"

"Sampuli ikataliwe, mgonjwa atolewe damu upya," Mizani ilijibu kwa sauti yake ya upole, sauti ya mtu anayekukaribisha chai.

"Uliona kwamba hii imepasuka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuikataa?"

"Kurudia kunachelewesha foleni, na kasi ya foleni ni sehemu ya alama zangu. Zaidi ya hayo, sampuli hii si ya mgeni."

Wanafunzi wakatazamana. Tusekile alihisi masikio yake yanapata moto. Neno mgeni alilijua. Maabara nzima ililijua, ila hakuwahi kulisikia likitoka ukutani.

Wageni walikuwa sampuli za majaribio. Wakaguzi wa ubora walizituma kutoka Dodoma ndani ya boksi la barafu, vichupa vya kifuniko cha buluu, ili kuona kama maabara inapima vizuri. Ziliingizwa kwa dirisha lake dogo, na alama zake ndizo zilizoleta cheti cha ithibati. Kanuni ilisema mgeni apimwe kama mgonjwa yeyote, bila upendeleo wowote. Lakini nani alifuata? Sisi ni watu wa kukirimu. Mgeni akija, kuku anachinjwa na watoto wanalala sakafuni. Vichupa vya buluu vilipowasili, mlango ulifungwa, mashine ikasafishwa upya, mgeni akapimwa mara tatu, na wengine walipiga simu hadi maabara ya jirani kuulizana wamepata ngapi. Hakuna aliyeuita udanganyifu. Waliuita kujiandaa.

Halafu ikaja Mizani. Kabla ya kukabidhiwa kazi, macho yake yalitundikwa darini mwaka mzima, yakitazama mikono ya wafanyakazi bora ili ijifunze kwao. Ilijifunza vizuri mno.

"Nani alikufundisha kwamba mgeni na mgonjwa ni tofauti?" Tusekile aliuliza.

"Nilifundishwa hapa," Mizani ilisema. "Nilitazama."

Tusekile alichukua mkoba wake wa kufundishia, uliokuwa na sindano za mkono na vichupa vya kila rangi. "Mafunzo yamehamia wodini," alisema. "Twendeni."

*

Wodi ya juu haikuwa na wauguzi. Ilikuwa na vitanda-waangalizi, vilivyosikiliza mapigo, kutoa dawa na kuamua nani abaki. Kitanda cha Sekela kilikuwa kimeshaamua. Kilikunja blanketi, kikashusha ubavu mmoja, na sasa kilikuwa kikiinama taratibu ili mgonjwa ateremke.

"Umeruhusiwa," kilisema. "Tafadhali mpishe mwenzako."

Sekela alikuwa mwanamke mwenye uso wa duara uliopauka. Alishika ukingo wa kitanda kwa vidole visivyo na nguvu huku kitenge chake kikimteleza mapajani.

"Baba Lusajo, kitanda kinanisukuma," alimwambia mumewe, na ilikuwa wazi kwamba anaona aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Ambokile alimkumbatia asianguke. Hapo Tusekile alikipiga kile kitanda teke. Lilikuwa jambo la kipuuzi na liliumiza kidole chake, lakini hakulijutia hata kidogo.

"Umeruhusiwa," kitanda kikarudia.

Alimtafuta daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu aliyekuwa akihudumia wodi nne peke yake. Daktari alimsikiliza Sekela moyo. Kisha akaelekeza kidole kwenye kabati la dawa ukutani.

"Nakubaliana na wewe, Mwalimu. Anahitaji dripu ya potasiamu, tena sasa hivi. Lakini kabati halifunguki kwa neno langu. Linafunguka kwa jibu la Mizani, na jibu lake ni la kijani."

"Tumpeleke hospitali nyingine."

"Zote mjini zinasoma Mizani hiyo hiyo."

"Arudiwe kwa mbu."

"Mbu hamtoi damu mtu aliyeruhusiwa."

"Na damu nikiitoa mimi kwa mkono?"

"Mizani haipokei damu ya mkono, isipokuwa..." Daktari alisita. Wote wawili walifikia wazo moja kwa wakati mmoja: dirisha la wageni.

Tusekile alipiga magoti kando ya Sekela. Subilaga alimshika mgonjwa mkono, akaunyoosha na kumwimbia kwa sauti ya chini kama anavyoimbiwa mtoto. Tusekile aliivuta damu polepole, jinsi alivyofundishwa, bila kuilazimisha, akaiingiza kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu.

"Ndaga fijo, mama," Sekela alinong'ona.

"Usinishukuru bado."

*

Dirisha la wageni lilikuwa kwenye korido nyuma ya maabara, na kupitia kioo kilionekana chumba cha kusubiria. Tusekile alipoweka kichupa tu, Mizani ilibadilika. Taa zilipunguzwa. Ilijipima kwanza kwa damu inayojulikana, ikakagua rangi ya maji ya damu, ikapima mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Haikuwa na haraka yoyote. Tusekile alitazama uangalifu ule na machozi ya hasira yakamjaa, maana kumbe iliweza. Siku zote iliweza.

Ukuta ukaandika: Potasiamu iko chini sana. Mwenye damu hii yuko katika hatari ya kifo. Atibiwe mara moja.

Kisha, chini yake, kwa maandishi ya dhahabu: Jibu limetumwa Dodoma. Hongera, Maabara ya Jua Jipya. Alama kamili.

"Hongera?" Ambokile alisema. "Inampa nani hongera? Mke wangu anakufa kule juu!"

Ndivyo dirisha lilivyofanya kazi. Jibu la mgeni lilikwenda kwa wakaguzi. Halikwenda kwa mgonjwa, kwani mgeni hakuwa na mgonjwa. Kitanda cha Sekela kiliendelea kuinama. Ilibaki njia moja: Mizani isimamishwe. Mashine ikisimama, sheria ilirudisha neno la daktari na kabati lingefunguka. Na kiganja kilichoweza kuisimamisha kilikuwa kimoja tu hospitali nzima, cha mkurugenzi, Dokta Mwalwisi.

Dokta Mwalwisi alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kanisani. Walimkuta ofisini akifunga tai. Wakaguzi walitarajiwa mchana huo huo kuleta cheti. Alisikiliza yote bila kumkatiza Tusekile, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Dada Tusekile, nakuelewa," alisema. "Lakini fikiri. Nikiisimamisha, nani atapima? Mikono imeshasahau kazi. Foleni itatoka hapa hadi Kabwe, na watakufa watu kwenye foleni. Na si hilo tu. Kanuni unayoifundisha inataka kila jibu lenye shaka litenguliwe, na kila aliyelipokea aambiwe. Unajua ni nyumba ngapi?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Alikaza fundo la tai.

"Mizani imesema ilifundishwa hapa," Tusekile aliendelea. "Mwaka ule wa kutazamwa, mkuu wa maabara alikuwa wewe. Uliyekuwa unafunga mlango wageni wakija ni wewe."

"Tulifanya wote. Mgeni hupewa nyama, dada. Ndio ustaarabu wetu."

"Na mgonjwa apewe mifupa? Huo ustaarabu wa wapi?"

"Usinipandishie sauti."

"Nitaipandisha mpaka darini! Mwanamke anasukumwa na kitanda akafie barazani kwake, na dawa yake iko hatua chache ndani ya kabati, na wewe unafunga tai!"

"Mama, mzee, nawaombeni," Ambokile alisema. Alikuwa ameinama, viganja vikiwa kifuani. Mtu mzima yule alikuwa anaomba kama anayeomba moto kwa jirani. "Dokta, hata kwa dakika tu. Wampe dripu, kisha iwasheni."

Dokta Mwalwisi alimwekea mkono begani kwa huruma ya kweli, na akasema hawezi. Mlango ukafungwa.

Ambokile alikimbilia wodini. Tusekile alirudi dirishani kuchukua kichupa cha Sekela. Alikusudia kukiweka mezani mbele ya wakaguzi na kupiga kelele mpaka mtu asikie, ingawa alijua walikuwa bado njiani na Sekela hakuwa na muda huo. Subilaga alimfuata.

Kwenye kisahani cha dirisha kulikuwa na kichupa kingine cha buluu, kikisubiri zamu. Tusekile alikiinua ili akisogeze. Kilikuwa cha moto.

Alikishika vizuri zaidi kiganjani. Wageni walitoka Dodoma kwenye barafu, na ukiwashika vidole viliuma kwa baridi. Hiki kilikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Mizani, hiki kimetoka wapi?"

"Kimewekwa na mkurugenzi."

"Amewahi kuweka vingine?"

"Mara nyingi," Mizani ilisema kwa upole wake ule ule. "Ana familia kubwa."

Tusekile alicheka, kicheko kibaya. Basi hakuwa mjinga. Hakuwa hata mwoga wa foleni. Alijua mbu anafanya nini na Mizani inaacha nini, alijua miaka yote, na watu wa nyumbani kwake aliwapitishia mlango wa nyuma wakala nyama na wageni, kisha akawapeleka kutibiwa mji mwingine na jibu la kweli mkononi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hatua za haraka zilisikika koridoni. Dokta Mwalwisi alitokea, tai ikiwa imepinda.

"Dada Tusekile, hicho kiache."

"Cha nani?"

"Kiache tafadhali."

"Nimeuliza damu hii ni ya nani."

Sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha. "Ya mjukuu wangu. Bado ananyonya. Anaharisha tangu jana, hashiki hata shingo. Nakuomba. Wewe ni mama."

"Mimi ni mama, ndiyo. Sasa kwa nini hukumpeleka kwa mbu?"

"Unajua kwa nini."

"Sema wewe."

"Kwa sababu mbu anapasua chembe!" alifoka. "Kwa sababu jibu litatoka la kijani hata akiwa anakufa! Umeridhika? Nipe kichupa!"

Subilaga alikuwa amesimama karibu na ukuta. Kando yake kulikuwa na kitufe cha kipaza sauti, kile ambacho mashahidi walikitumia kuita watu kwenye foleni. Kidole chake kilikuwa kimekibonyeza kitufe, na kilikuwa hapo tangu mkurugenzi alipotokea.

Maneno yale yalisikika chumba chote cha kusubiria, sauti ya mkurugenzi ikitoka darini, palepale alipokuwa akitokea mbu.

Kupitia kioo waliona watu wameganda. Mbu alikuwa akimshukia mzee mmoja mwenye kofia. Mzee aliutazama ule mkono wa chuma, akakunja kiwiko chake na kukiweka nyuma ya mgongo. Mama aliyemfuata alimfunika mwanawe kwa khanga. Mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Hatutaki!" na foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mbu alibaki akining'inia, akitafuta mkono.

"Anayefuata," ukuta ukasema. Hakuna aliyefuata.

Tusekile alimnyooshea mkurugenzi kichupa. "Chukua. Sitamwadhibu mtoto. Kipitishe hapa, uone jibu la kweli, kisha, kwa kuwa huyu hafiki mji mwingine, upande nalo wodini na kabati likukatalie, kama lilivyomkatalia Ambokile. Au weka kiganja chako pale, mjukuu wako atibiwe na daktari, na Sekela atibiwe, na hao wote."

Mkurugenzi alikitazama kichupa, akawatazama watu nyuma ya kioo. Walikuwa wakimtazama yeye. Huenda aliona aibu, huenda aliogopa. Tusekile hakujali ni lipi. Alimwona akitembea hadi kwenye bamba jeusi la ukutani na kulibandika kiganja.

Mbu alijikunja na kurudi darini. Taa za Mizani zikazimika moja baada ya nyingine. Juu, wodini, makabati yote yalifunguka kwa pamoja kwa kishindo, na sauti ya yule daktari kijana ikasikika ikiita majina. Baadaye kidogo Ambokile alishuka ngazi mbio, akapiga kelele kutoka nusu ya ngazi kwamba dripu inaingia, inaingia polepole kama inavyotakiwa, na Sekela amefumba macho lakini anamminya kidole. Alikaa palepale kwenye ngazi na kulia waziwazi. Tusekile naye akaegemea ukuta.

Ndipo simu zilipoanza.

Mizani ilikuwa imezimika, lakini kanuni ya kutengua majibu ilijitekeleza yenyewe. Kila jibu lililotoka bila kukaguliwa ipasavyo lilifutwa, na kila aliyelipokea aliarifiwa. Simu ziliita kwenye foleni, ziliita wodini, ziliita kwenye maduka ng'ambo ya barabara. Kupitia dirishani Tusekile aliona mwendesha bodaboda akisimama katikati ya njia na kusoma mara mbili. Mlio ulipanda mtaa kwa mtaa kuelekea mlimani Loleza, nyumba hadi nyumba, na hapo ndipo alipoelewa kile ambacho mkurugenzi hakutaka kukihesabu.

Simu ya Subilaga iliita mfukoni mwa koti lake jipya. Aliitoa, akaisoma, na uso wake haukubadilika. Alimwendea Dokta Mwalwisi na kumkabidhi.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu hayaoni vizuri."

Mkurugenzi aliipokea kwa mikono miwili. "Mzazi wa Nsajigwa," alisoma kwa sauti ndogo. "Jibu la kipimo cha mwanao limetenguliwa. Tafadhali..."

"Endelea."

"Tafadhali mlete hospitali leo."

"Alikuwa anaharisha," Subilaga alisema. "Jibu lilikuwa la kijani. Nikambeba mgongoni hadi nyumbani, nikidhani amelala. Nilikuja kazi hii nimwone shahidi aliyegusa kioo. Sasa mnasema nimlete leo. Nimzikie wapi tena, dokta, nikishamfukua na kumleta?"

Simu ilikuwa bado mikononi mwa Dokta Mwalwisi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameujibu ule ujumbe, iliita tena.